Taya Lililokataa Kusema Marahaba

Siku ya kuniaga kazini walinipa doti ya kanga, saa ya ukutani na nafasi ya kusema maneno machache. Kanga nimeivaa, saa imeshasimama, na maneno machache sikuyamaliza kwa sababu pilau lilikuwa linapoa na wageni walikuwa wananitazama kwa macho ya njaa. Basi nayaandika hapa, kwa ajili yenu mliobaki na chumba changu cha meno pale Masoko. Kiti mtaona kanyagio lake la kushoto ni bovu. Likanyageni kwa kisigino, litatii.

Vyeo sitavieleza, maana vilikuja vichache na vyote vilichelewa. Nataka kusema juu ya taya. Meno mnayajua, mmefundishwa mpaka mnayaota, lakini taya mnalichukulia kama ukuta wa kutundikia meno. Watu wengi waliokaa kwenye kile kiti wakaniambia "jino linaniua" walikuwa na meno mazima kabisa. Kilichokuwa kinawaua ni msuli wa shavuni, umebana, umekakamaa, unauma hadi sikioni na kwenye paji la uso. Nikiwa mgeni kazini ningewang'oa meno hayo mazima na wangenishukuru. Aliyeniokoa na dhambi hiyo ni Mzee Ligunda.

Mzee Ligunda alikuwa tabibu wa meno niliyemkuta. Mtu mfupi, mkavu wa maneno, na koti lake lilikuwa jeupe zaidi ya langu ingawa langu lilikuwa jipya. Asubuhi ya kwanza aliniuliza, "Binti, unajua kutazama mdomo?"

Nikamjibu najua, nimefaulu.

"Vizuri. Basi leo utatazama miguu."

Nilidhani ananifanyia mzaha wa wageni. Kabla ya saa nne akaletwa mvuvi mmoja, taya limefunga, shingo imekaza, anajibu kwa macho. Mimi nikakimbilia kioo cha mdomoni. Mzee Ligunda akapiga magoti, akamvua ndala, akageuza nyayo juu. Kwenye unyayo wa kulia palikuwa na tundu dogo la msumari, limeshajifunga juu kama halikuwahi kuwepo. Akasema neno moja, "Pepopunda," na mvuvi akapakiwa kwenye gari la kwenda hospitali kubwa wakati mimi bado nimeshika kioo. Alilazwa kwa majuma mengi, akapona. Sipendi kufikiria ingekuwaje kama ningepata nafasi ya kumpanua mdomo kwa nguvu.

"Taya hukaza kwa sababu nyingi," aliniambia tukinawa mikono. "Nyingi ni ndogo. Ila mbaya kuliko zote huingilia mguuni. Angalia miguu kwanza, mengine utayapata kwa raha zako." Kazi yangu yote nilianza na miguu. Wagonjwa walinishangaa, na wapo waliosema kimyakimya kwamba huyu mama wa meno hajui meno yako wapi.

Mgonjwa wa pili ninayemkumbuka alipiga mwayo kwenye kikao cha kamati ya soko. Hotuba ya mwenyekiti ilikuwa ndefu, mwayo ukawa mrefu zaidi, na taya likatoka mahali pake likakataa kurudi. Akaletwa mdomo wazi, mate yanamtiririka, mwenyekiti mwenyewe nyuma yake amekasirika. Mzee Ligunda alizungushia bendeji vidole gumba vyake, akaviingiza juu ya magego ya chini, akabonyeza chini na kusukuma nyuma. Taya likarudi kwa mlio uliosikika hadi dirishani. Mgonjwa kama huyo alipokuja mwaka mwingine nilimshughulikia mwenyewe, kwa vidole vitupu kwa sababu nilikuwa na haraka. Taya likirudi, meno hufunga ghafla. Kovu ninalo kwenye gumba la kushoto, na bendeji tangu siku hiyo sikuidharau. Hilo si la kutibu nyumbani, na jirani mwenye mikono ya nguvu asijaribu.

Baada ya taya kurudi, misuli hubaki na hasira kwa siku kadhaa. Ndipo Mzee Ligunda alipokuwa anawakumbusha watu adabu ya kuziba mdomo kwa kiganja ukipiga mwayo, ile tuliyochapiwa chuoni kwa mwalimu wa Kurani utotoni. Yeye aliongeza kitu kimoja tu: ngumi ya mkono wa pili iwe chini ya kidevu, ishikilie, ili mwayo usipate nafasi ya kwenda mbali. Watu walikikubali haraka kwa sababu nusu yake walikuwa nayo tayari.

Kadiri miaka ilivyoenda nikawa nasoma sababu kabla mtu hajakaa. Dereva wa bodaboda anayetafuna bigijii kutwa na kuuma meno kila akivuka shimo. Mwalimu anayesahihisha mitihani huku amekaza taya kama anaifanya yeye. Mpenzi wa pweza mkavu, mwenye jino bovu kushoto, ambaye ametafunia kulia peke yake mpaka shavu la kulia likawa nene kuliko lenzake. Mwenye kusaga meno usingizini, ambaye hajui hata kidogo, ila mkewe anajua. Na wengine niliwaumiza mimi mwenyewe, kwa kuwaacha mdomo wazi saa nzima nikibishana na gego. Mkifanya hivyo wapeni mapumziko, mgonjwa afunge mdomo ameze mate. Jino halitakimbia.

Kupima ni rahisi. Weka vidole shavuni, mwambie aume meno polepole. Msuli mzima hufura na kulegea, uliobana hubaki mgumu na mgonjwa hukunja uso. Kisha aweke vidole vyake vitatu vilivyopangwa wima kati ya meno ya mbele. Vikiingia vyote, mshukuru Mungu. Kikiingia kimoja, mkalishe vizuri muongee.

Sasa nifike kwa Bi. Somoe wa Kivinje, ambaye ndiye hasa aliyenifanya nishike kalamu. Ilikuwa miaka michache kabla sijastaafu. Mzee Ligunda alikuwa ameshatangulia mbele ya haki, na mimi ndiye niliyekuwa nikiitwa mzee.

Alianza kuja mkwe wake, Hadija, binti wa Mtama aliyeolewa Kivinje wiki tatu tu nyuma. Alikuwa na jino lililotoboka kweli. Nikamchoma ganzi, na tukiwa tunasubiri ifanye kazi, machozi yakaanza kumtoka. Nikamuuliza kama sindano imemuuma.

"Siyo sindano, daktari. Mama mkwe haniitikii shikamoo. Leo siku ya kumi na moja."

"Haitikii kabisa?"

"Anatikisa kichwa tu, au anasema mmh. Asubuhi shikamoo, mmh. Jioni shikamoo, mmh. Kama namsalimia ng'ombe. Watu wa pwani hawatupendi sisi wa bara, nilishaambiwa."

Mumewe alikuwa Dar kwenye biashara ya nguo. Akipigiwa simu alikuwa anasema mama ndivyo alivyo, mzoee, jibu la mwanamume aliye mbali. Basi Hadija akampigia mjomba wake. Na kwao, mjomba akishaitwa, jambo limekuwa jambo. Alisema anakuja Ijumaa kumchukua. Mkoba wa nguo ulikuwa umeshafungwa.

Nilimhurumia sana binti yule. Kutoitikiwa shikamoo na mzee unayelala nyumbani kwake ni kuambiwa kila siku kwamba hupo. Na niseme ukweli, Bi. Somoe mwenyewe nilikuwa namjua na nilikuwa nimemnunia. Wiki iliyotangulia nilimwamkia sokoni Kivinje, mimi mtu mzima na mvi zangu, naye akanitikisia kichwa akapita. Nilirudi Masoko nikiwa nimevimba.

Lakini ganzi ya Hadija ilikuwa inachelewa, na mimi nikapata muda wa kufikiri. Hebu tamkeni marahaba taratibu. Ni a nne mfululizo, na kila moja inataka taya lishuke. Sasa ijaribuni na meno yamefungwa.

"Hadija," nikamuuliza, "mama mkwe anakula nini siku hizi?"

"Uji tu. Wali wangu anausogeza pembeni. Hata chakula changu hakitaki."

"Akipiga mwayo?"

Akanitazama kama nimepotewa na akili. "Anageukia ukutani, anashika shavu."

Sikuwa na hakika bado. Nilimziba jino lake, nikamwambia arudi Jumatano kuliangalia na lazima asindikizwe na mtu mzima wa nyumbani. Kanuni hiyo niliitunga palepale.

Jumatano wakaja. Nikamtuma Hadija dirisha la kadi, ambako foleni haikuwahi kuwa fupi, nikamkaribisha Bi. Somoe apumzike kwenye kiti changu. Alikuwa mwanamke mrefu, mnyoofu, na ushungi wake umekaa sawasawa.

"Shikamoo, Bi. Somoe."

"Mmh."

Nikainama nikatazama miguu yake. Hakukuwa na jeraha lolote. Ila kidole gumba cha mguu wa kulia kilikuwa na rangi ya zambarau kuzunguka ukucha, na si hina. Nikampima joto, hakuwa na homa. Nikamwambia anyanyue mikono yote miwili, akainyanyua sawa. Nikamwambia atabasamu. Hakutaka, lakini alipolazimika uso haukupinda, kwa hiyo kiharusi nikakiondoa. Shingo yake ilikuwa laini, alimeza mate bila taabu, na nyuma ya magego hakukuwa na uvimbe. Nikamuuliza kuhusu dawa mpya, maana zipo dawa, hata za kuzuia kutapika, zinazoweza kukaza taya. Akatikisa kichwa. Nikaweka vidole shavuni. Msuli ulikuwa umejifunga kama fundo la kamba iliyolowa. Kati ya meno kiliingia kidole kimoja, tena kwa kubembeleza.

Kwenye jino la juu la mbele nikaona pengo dogo lililochongeka kwenye ncha, na ndani yake rangi ileile ya zambarau.

"Bi. Somoe," nikasema, "unachana ukindu kwa meno."

Akatazama mlango. Kisha akasema bila kufungua meno, "Funga."

Nikaufunga. Maneno yake nayaandika kama nilivyoyaelewa, maana yalikuwa yanatoka kwa kupenya. Kidole gumba chake cha mkono kilikuwa na baridi yabisi, hakikamati kisu. Meno yalikuwepo. Katika ukoo wao mkwe hukabidhiwa mkeka uliosukwa na mkono wa mama mkwe, naye haonyeshwi mpaka ukingo wa mwisho umeshonwa. Alikuwa anausuka chumbani, mlango umefungwa, tangu wiki ya harusi. Miyaa, yaani vipande vya ukindu uliotiwa rangi, anaichana kwa meno, ncha ameibana kwa kidole cha mguu, na taya limekaza kutwa nzima.

"Sasa taya limebana, kwa nini humwambii mtoto wa watu?"

Akanitazama kwa dharau kidogo. "Nikisema taya limefunga tangu huyu aingie ndani, majirani watasemaje? Watasema kaja na mkosi wake kutoka Mtama. Bora waseme mimi nina kiburi. Kiburi nimeshakizoea."

Nilicheka, kisha nikajikuta natafuta leso. Mama huyu alikuwa anamkinga mkwe wake kwa ukimya uleule uliokuwa unamfukuza.

Hapo nikafanya kosa ambalo nyinyi msilifanye. Siri ya mgonjwa mmoja haipewi mgonjwa mwingine, na mimi niliitoa. Nikasema, "Mjomba wake anakuja Ijumaa kumchukua. Anasema humwitikii."

Bi. Somoe alitaka kusema kwa mshtuko, akasahau taya. Msuli ukaruka mbele ya macho yangu, akashika shavu kwa mikono miwili, akaugulia. Nikamwambia apumue kwa pua, aache meno yaachane, ulimi upande juu nyuma ya meno ya mbele. Baada ya dakika chache uso ukatulia.

"Mwite," akasema. "Taya mwambie. Mkeka usimwambie."

Hadija akaingia na kadi mkononi, na kwa mazoea yake mema akasema, "Shikamoo, mama." Bi. Somoe hakutikisa kichwa safari hii. Akamshika mkono, akamvuta, akauweka shavuni kwake, juu ya lile fundo, akauma meno kidogo ili lifure. Mimi nikasema, "Hicho ndicho kilichokuwa hakikuitikii."

Hadija akalipapasa lile fundo kwa vidole. "Kumbe ni taya?" akasema. "Mama, kumbe ni taya tu?" Akacheka na kulia kwa pamoja, na mama mkwe akawa anamfuta machozi kwa ncha ya ushungi.

Nikawapa tiba ya nyumbani, na nikampa Hadija kwa makusudi, maana inataka mikono ya mtu. Kitambaa kilichochovywa maji ya moto, kikakamuliwa, kikajaribiwa kwanza kwenye kifundo cha mkono wako, kisha kikawekwa shavuni dakika kumi na tano hadi ishirini, mara tatu au nne kwa siku, kikipoa kinachovywa tena. Msuli ukishapata joto, ukandwe kwa ncha za vidole, viduara vidogo kuanzia chini ya mfupa wa shavu hadi kwenye kona ya taya, bila kushindana nao. Baada ya hapo mgonjwa afungue mdomo polepole, ulimi ukiwa juu, aishie pale maumivu yanapoanza kubisha hodi, afanye mara chache na kupumzika. Kijiko au kijiti kisiingizwe kupanua kwa nguvu. Chakula kiwe laini na vipande vidogo, uji, ndizi za kupondwa, samaki aliyechambuliwa, na atafune pande zote mbili. Miwa, mahindi ya kuchoma na bigijii vikae mbali. Panadoli anaruhusiwa kwa kipimo cha kwenye pakiti, kama hana tatizo la ini na dawa hiyo haijawahi kumdhuru. Na kutwa nzima ajikumbushe: midomo ifunge, meno yasigusane. Meno hukutana wakati wa kula tu.

"Likivimba," nikamwambia Hadija, "akipata homa, akishindwa kumeza, shingo ikikaza, uso ukipinda, au akisema maumivu ya taya yameungana na ya kifua, msingoje kitambaa kipoe. Mleteni siku hiyohiyo. Na hata akiwa hivihivi, zikipita wiki mbili bila nafuu, nataka kumwona."

Bi. Somoe nikamnong'oneza la kwake: ukindu usiguse meno tena. Akaniuliza kwa macho kazi itaisha lini basi.

Ijumaa nikapanda gari la Kivinje, kumwona mgonjwa na, nikiri, kumwona mjomba. Nikamkuta amekaa barazani, mtu mzito, mpole wa sauti, mkoba wa Hadija ameupakata magotini. Ndani kidogo ya mlango Hadija alikuwa amemshikia mama mkwe kitambaa shavuni.

"Hadija, basi la mchana halitungoji," mjomba akasema.

"Mjomba, dakika zangu hazijaisha."

Nikamwamkia Bi. Somoe. "Mar'ba," akanijibu. A mbili zilikuwa zimepatikana katika nne, na vidole viwili vilikuwa vinaingia. Kwa siku mbili ni kazi nzuri.

Mjomba akaongea na mama mkwe kwa heshima, kama wanavyojua wao. Akasema haya ya taya ameyasikia, na anampa pole. Lakini ugonjwa wa taya hauzuii mkono, na binti yao alikaa zaidi ya siku kumi na moja bila hata kushikwa bega. Akauliza kama nyumba hii inamtaka mtoto wao au haimtaki, ili yeye ajue la kuwaambia nyumbani.

Bi. Somoe akaondoa kitambaa. Nikaona anatafuta maneno na maneno hayapiti. Akainuka, akaingia chumbani, akatoka na mkeka ameukunja kifuani. Akautandika sakafuni mbele ya mjomba. Ulikuwa wa zambarau na kijani, umesukwa vizuri sana, ila upande mmoja ukingo haukuwepo, na miyaa ilikuwa imening'inia nje, haijachanwa. Kulingana na ukoo wao hakutakiwa kuuonyesha hivyo. Nilimwona anaona haya, mwanamke ambaye sikuwahi kumwona akiona haya.

"Wa... ko," akamwambia Hadija.

Hadija akapiga magoti. Akapitisha kiganja juu ya mkeka, akafika kwenye ule upande usiomalizika, akainua mwaa mmoja karibu na macho. Alama za meno zilikuwa zinaonekana wazi. Akamtazama mama mkwe kinywani, akautazama tena mwaa.

Akakaa vizuri juu ya mkeka, akakunja miguu, akakusanya ile miyaa iliyobaki mapajani.

"Mama," akasema, "kisu kiko wapi?"

Mjomba akainuka na mkoba, akaurudisha chumbani kwa Hadija.